Kifaransa cha kuanzia ukubwani: Duolingo, TV5MONDE au mwalimu wa kulipia?

Mwanjelwa Kwetu
Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, kazi yangu ni mizigo inayopita Tunduma kwenda Lubumbashi, Kongo. Kuongea na watu wa kule si tabu, Kiswahili kinatutosha, ila karatasi ni za Kifaransa na mimi siambulii kitu. Nina miaka 41. Darasa la hapa mjini sijalipata, na Alliance Française, kituo cha kufundisha Kifaransa, iko Dar na Arusha. Nimebaki na njia tatu: Duolingo, ile programu ya lugha ya kwenye simu, masomo ya bure mtandaoni ya TV5MONDE, televisheni ya Kifaransa, au mwalimu wa kulipia mtandaoni. Nafasi yangu ni muda wa saa moja tu usiku, watoto wakishalala. Mlioanza ukubwani, mnanishauri nini?

Binti Gangilonga
Kaka, Duolingo itakuzoesha kusoma kila siku, na hilo si dogo. Ila maelezo yake ni ya Kiingereza, hakuna Kifaransa cha kupitia Kiswahili. Mimi naipenda zaidi TV5MONDE: unachagua ngazi ya A1, ya wanaoanza, unatazama video fupi, unajibu maswali. Tatizo video inakula bando, kwa hiyo nasoma kazini kwenye Wi-Fi.

Fundi Uyole
Mwalimu, mkuu. Kifaransa kinaandikwa vingine, kinasomwa vingine: parle, parles na parlent zote zinatamkwa sawasawa. Ile u ya "rue" ilinitoa jasho mpaka mwalimu aliponiambia nitamke i huku midomo nimeiviringa kama napiga mluzi. Ikatoka palepale! Simu isingenisikia vile. Mtandao ukisuasua tunazima video, tunabaki na sauti.

Mama Kihesa
Fundi, hapo sikubaliani nawe. Mtu wa sifuri kumlipa mwalimu amfundishe bonjour na kuhesabu hadi ishirini ni kutupa hela. Mdogo wangu, anza na ya bure, ukishaweza kujitambulisha ndipo utafute mwalimu. Na usiogope sarufi. Wanaosoma kwa Kiingereza wanalia na jinsia za nomino, ila sisi tumekua na ngeli. Kivumishi kubadilika kufuata nomino yake hakutushtui, na makundi ya Kifaransa ni mawili tu, ya kiume na ya kike.

Ukitaka cheti, kuna mtihani wa Kifaransa uitwao DELF A1: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Unafaulu kwa alama 50 kati ya 100, mradi usishuke chini ya 5 kwenye sehemu yoyote. Cheti hakiishi muda. Kwa kuzungumza hapo nampa Fundi haki yake, lazima uwe na mtu wa kuongea naye.

Dereva wa Nakonde
Ndugu, kwa njia yako hiyo tafuta mwalimu Mkongo. Masomo ya Ufaransa yatakufundisha 70 ni soixante-dix na 90 ni quatre-vingt-dix. Kongo wanasema septante na nonante, kama Wabelgiji. Mtu akikutajia uzito wa mzigo kwenye simu, hapo ndipo utapotea.

Mwanjelwa Kwetu
Asanteni sana. Naanza na TV5MONDE, nitafuata na Mkongo. Dereva, maneno ya kwenye nyaraka atanifundisha?

Dereva wa Nakonde
Mpelekee picha ya karatasi yenyewe, ficha jina la mteja, msome naye mstari kwa mstari. Anzeni na poids brut, uzito pamoja na vifungashio, na poids net, uzito wa bidhaa peke yake. Kisha destinataire, yule anayepokea mzigo.