Mjadala: Kasoro ya usalama ikigunduliwa, tuizungumzie wapi kabla kiraka hakijatoka?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Mtu akigundua tundu kwenye programu huria ya hospitali, tuseme OpenMRS, ambayo ndiyo msingi wa KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya rekodi za wagonjwa ya Kenya na Uganda, kuna siku kadhaa ambazo siri lazima ikae. Kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu hilo, bado kinaandikwa, hakijajaribiwa, na kliniki za wilayani hazijasasisha chochote. Akijua mtu mbaya siku hizo, mafaili ya wagonjwa yako mikononi mwake. Sasa watunzaji wa programu hiyo waongelee wapi?

Msimamo wangu: barua pepe iliyofungwa kwa PGP, njia ya kuficha ujumbe usomwe na mwenye ufunguo wake tu, watu wachache, basi. Sitaki mfumo wa kufuatilia kasoro wenye kitufe cha "faragha", na sababu yangu ni Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox. Septemba 2015 walitangaza kwamba mtu aliingia Bugzilla, mfumo wao wa kufuatilia kasoro, kwa akaunti ya mtumiaji mwenye ruhusa za juu, ambaye nenosiri lake lilikuwa lilelile alilotumia kwenye tovuti nyingine iliyodukuliwa. Mvamizi alifikia kasoro 185 zisizo za umma, 53 kati yake nzito. Nyingi zilikuwa zimeshazibwa, lakini 10 hazikuwa, na Mozilla iliamini kuwa moja ilitumika kushambulia watumiaji wa Firefox. Akaunti moja tu, ghala zima likawa wazi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mfano wako unakupinga. Bugzilla haikuvunjwa, aliyeponzwa ni mtu na nenosiri lake. Huyohuyo ungempa ufunguo wa PGP, angeuacha kwenye kompyuta isiyo na ulinzi. Tena PGP yenyewe haifungi kichwa cha barua: ukiandika "Tundu kwenye ukurasa wa kuingia", kila seva inayopitisha barua inasoma. Na Mei 2018 watafiti walionyesha, kwa shambulio waliloliita EFAIL, jinsi programu za barua pepe zilivyoweza kulaghaiwa zitoe maandishi yaliyofunguliwa.

Kijana wa chuo Mbeya aliyegundua kasoro leo hana PGP. Ukimwambia aanze kutengeneza ufunguo, ataiweka kwenye mtandao wa X akalale. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, inampa fomu ya kuripoti kwa siri, na watunzaji wanapata nakala ya muda ya msimbo, iliyofichwa, wanaandika kiraka palepale. Mimi hapo ndipo nilipo.

Mchangiaji wa pili:
Kaka, hiyo nakala ya muda nimeifanyia kazi. Majaribio ya kiotomatiki hayaendeshwi humo. Kinachofuata kila mtu anakijua: mtu anaona kiraka hakijapimwa, anakibeba mpaka kwenye seva nyingine ili majaribio yapite, na seva hiyo wanaifikia watu ambao hawakupaswa kujua lolote. Chombo kinachokulazimisha utoke nje yake ili umalize kazi mimi sikiamini, hata kiwe cha kampuni gani.

Ila mleta mada, na wewe umeruka kitu. Meltdown na Spectre, kasoro za prosesa za kompyuta, zilipangiwa kutangazwa 9 Januari 2018, zikatoka tarehe 3. Hakuna aliyevunja sanduku la barua. Viraka vya mfumo endeshi wa Linux vilikuwa vinaingia hadharani, watu wakavisoma wakakisia. Siri ilikuwa imekaa miezi, kwa kampuni nyingi. Orodha ya barua pepe ya linux-distros, ambako wasambazaji wa Linux hupeana taarifa, inakataa siri izidi siku 14. Seva yao hupokea barua iliyofungwa, kisha humfungia kila mwanachama nakala kwa ufunguo wake. Kwangu kikomo hicho cha siku kina uzito kuliko ufunguo.

Mleta mada:
Dada, hapo nimekuelewa, na kaka wa kwanza nakubaliana naye kuhusu kijana wa Mbeya. Mlango wa kuripoti uwe fomu rahisi, sina ugomvi tena. Nisipokubali ni kuiacha ripoti ilale humo humo. Mtunzaji akishaipokea, aihamishie kwa watu wachache wanaojulikana kwa majina, kichwa cha barua kiwe namba tu, majaribio yaendeshwe kwenye mashine yao wenyewe, na tarehe ya kutangaza iandikwe siku ya kwanza. Kiraka kikishatoka, mazungumzo yafutwe kwenye seva. Mozilla wenyewe baada ya tukio lile waliwalazimisha wenye ruhusa za juu kuthibitisha kuingia kwa hatua mbili, wakapunguza idadi yao na mambo ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya.

Linalonikaba bado ni siku 14. Kwa msambazaji wa Linux zinatosha. Kwa kituo cha afya ambacho fundi wake anakuja mara moja kwa mwezi na flashi mfukoni, hazitoshi. Na tukiongeza siku tunaongeza midomo. Wanaosimamia mifumo hii wilayani, tuambieni: mnahitaji siku ngapi, na nani kituoni apewe taarifa mapema?