Mrejesho: mpiga gitaa wetu na ampu yake

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nimfanyeje mpiga gitaa wa bendi yetu ya roki, anayepandisha sauti ya ampu (kile kipaza sauti cha gitaa) kila nikianza kupiga dramu. Ule ushauri wa kuinyanyua ampu umefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kumbe ilikuwa sakafuni, inampigia magotini, masikio yake hayapati kitu! Tuliiweka juu ya kiti, akagonga nyuzi mara moja, akaruka. Ameipunguza mwenyewe, tena bila kuombwa.

Kisasi chake: kaniletea metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi isiyobadilika, eti naanza wimbo kwa mapigo 120 kwa dakika na kumaliza kwa 132. Uongo mtupu. Tukapima, nikamaliza kwa 134. Mpiga besi alicheka mpaka akakaa chini.