Mzee yuko dayalisisi, moyo unataka betri, mishipa imesinyaa. Naombeni ushauri

Kijana wa Tabata: Wakuu, baba yangu ana miaka 64, huu mwaka wa nne anasafishwa damu mara 3 kwa wiki. Juzi kaanguka bafuni, tumemkuta kalala ubavu na ndoo imemwagika, hakumbuki kitu. Kalazwa, mapigo ni 34 kwa dakika, wanasema umeme wa moyo haushuki chini, awekewe betri ya kuusukuma moyo upige. Sasa fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili asafishwe damu, iko mkono wa kushoto. Kulia aliwekwa mipira ya shingoni ya kusafishia damu mara 3 kabla fistula haijakomaa, picha inaonyesha mshipa mkubwa wa upande huo umesinyaa. Daktari mmoja anataka kupitisha waya wa betri kushoto hivyohivyo. Mama kagoma.

Nesi wa Zamu: Pole kaka. Mama yuko sahihi. Waya ukipita upande wa fistula, mshipa unaweza kusinyaa na huko, mkono ukavimba, presha ya mashine ikawa inapanda kila mkisafisha. Potasiamu, yale madini ya kwenye damu, ilipimwa? Ikizidi, yenyewe inashusha mapigo.

Kijana wa Tabata: 5.1. Kasafishwa, mapigo bado 36.

Mzee Kobe: Mpe madafu asubuhi na jioni, moyo utachangamka.

Nesi wa Zamu: Mzee Kobe, tafadhali! Dafu limejaa potasiamu, kwa mgonjwa wa figo hiyo ni sumu.

Daktari Mstaafu: Basi betri haikwepeki. Waulize kama wanaweza kuupanua mshipa wa kulia kwa puto, waya upite hapo. Ikishindikana, kuna kufungua kifua na kushona waya juu ya moyo. Kwa mzee wa dayalisisi, mimi ningeiacha iwe ya mwisho. Ningeulizia kwanza betri isiyo na waya. Ni kidude kama kidonge kikubwa, hakifiki sentimita 3, kinapitishwa mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Marekani waliidhinisha cha kwanza 2016. Hakiachi waya mshipani wala mfuko chini ya ngozi, na hawa wagonjwa wetu wadudu huwaingia upesi. Bei yake ndiyo shughuli. Pajani amewahi kuwekwa mpira?

Kijana wa Tabata: Mara moja, kulia, siku 5.

Daktari Mstaafu: Wapige picha mapaja yote mawili kabla ya kuagiza chochote. Na huko wodini asiende chooni peke yake.

Kijana wa Tabata: Sawa dokta. Mdogo wangu analala naye leo.