Gumzo la kikundi: Majirani Kufa na Kuzikana, Mbagala

Katibu: Habari za asubuhi wanakikundi. Nasikitika kuwatangazia msiba. Dada mpangaji wa geti la bluu amefiwa na mama yake mzazi usiku wa kuamkia leo, huko Iringa. Watu wanakusanyika hapahapa kwake leo, safari kesho alfajiri.

Mama Rehema: Jamani! Juzi tu kaniambia mama anaendelea vizuri.

Fundi Bomba: Poleni wafiwa 🙏🙏

Mweka Hazina: Pole nyingi kwake. Ila niseme mapema, maswali yasiwe mengi. Dada kajiunga juzijuzi, na katiba inataka michango ya miezi 6 ndipo mtu anufaike. Mfuko sitaugusa.

Mama Rehema: Machozi hayajakauka umeshafungua katiba?

Mweka Hazina: Ndiyo kazi mliyonipa. Kuna yule alijiunga, akafiwa wiki ileile, tukampa, akahama mtaa. Mmesahau? Halafu sisi tunakopeshana pia, kwa hiyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inatuhusu. Vitabu vikiulizwa nitajibu mimi, siyo wewe.

Kijana wa Duka: Barafu za ubuyu zipo, 200 tu, karibuni wateja 😋

Katibu: Soma juu, mdogo wangu.

Kijana wa Duka: Loh. Pole dada. Naleta katoni mbili za maji.

Mama Rehema: Mwezi ule maji yalipokatika mtaa mzima, nani alitoa mpira nje ya geti tukachota bure? Pampu inakula LUKU yake, na hakumuuliza mtu kama ana kadi ya kikundi.

Katibu: Babu Balozi, shikamoo. Tusaidie hapa.

Babu Balozi: Marahaba. Mweka Hazina yuko sawa, mfuko una masharti yake. Lakini watu walizikana kabla ya mfuko. TANU ilipoleta nyumba kumi miaka ya 60, balozi alijua nani kalala njaa na nani kagombana na mkewe. Alijua mno, na wengine hawakulipenda hilo, nami siwalaumu. 1992 vyama vikawa vingi, wakasema balozi ni wa chama, kesi zao wakazipeleka serikali ya mtaa. Sawa. Ila wakifiwa wananigongea mimi, hata wale wa upinzani.

Fundi Bomba: 😂 Kweli babu.

Baba Neema: Mimi niko kazini Posta. Nipeni namba nirushe hela. Siku hizi muda hakuna, hela inatosha.

Mama Rehema: Baba Neema shemeji yangu, hela yako huwa ya kwanza kufika, hatukatai. Ulipofiwa na mzee wako, waliolala turubaini walikuwa wangapi?

Baba Neema: Wewe, Balozi na Fundi.

Mama Rehema: Na hela zilikuja nyingi tu.

Mweka Hazina: Sikilizeni. Mfuko unabaki palepale. Turubai na viti ni mali ya kikundi, asiye mnufaika anakodi. Kodi hiyo nalipa mimi, mfukoni mwangu, risiti nakata kwa jina langu. Na daftari la rambirambi nalianzisha sasa hivi, kila mtu kwa hiari yake. Nimeandika 20,000.

Katibu: Mweka Hazina 👏 Fundi, turubai lifungwe kabla jua halijawa kali.

Fundi Bomba: Niko juu ya ukuta tayari. Kamba fupi, nani ana nyingine?

Mama Rehema: Kina mama, sufuria kubwa mbili ziko kwangu. Nataka mwiko mrefu, mkaa, na wa kuchambua maharage. Wali tutaweka jioni.

Baba Neema: Nimeomba ruhusa. Niko kwenye daladala, foleni hapa Mtoni Mtongani haisogei.

Babu Balozi: Njoo taratibu. Usiku ni mrefu.

Katibu: Kosta ya Iringa ina nafasi 4 za majirani. Wazee mnisamehe, barabara ni ndefu, nataka wenye nguvu. Watoto wake wawili watabaki kwa Mama Rehema, mkubwa ana mtihani.

Mama Rehema: Wameshahamia, mdogo anakula chapati. Kuna kuku nane bandani, nani atawalisha?

Kijana wa Duka: Mimi. Ila yule jogoo ananijua, na hatuelewani.