Naomba ushauri: kanuni za zabuni za serikali zinabadilika, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu.

Nina kampuni ndogo ya usafi wa majengo, tuko watu 14. Zaidi ya nusu ya mapato yetu yanatoka kwenye mkataba mmoja wa taasisi ya umma, unaoisha baada ya miezi minne. Sasa kanuni za ununuzi zinabadilika: zabuni zote zitapitia mfumo wa kielektroniki, na watataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Sisi tunazo za mwaka mmoja tu.

Nimeanza kujisajili kwenye mfumo, maombi yamerudi mara mbili. Cheti cha usajili kina alama ya "&" kwenye jina, cheti cha kodi kimeandikwa "na". Kitu kidogo hivyo! Ofisa manunuzi ameniambia nisubiri mwongozo, lakini mishahara ya watu haisubiri.

Ninachouliza: mkataba wa kanuni za zamani ukiongezwa muda, unafuata kanuni zipi? Na je, niingie ubia na kampuni yenye hesabu kamili, au kwanza nitafute mkaguzi anikagulie miaka ya nyuma? Aliyewahi kupitia hili naomba anieleze alivyofanya.