Bomba limefika ukutani, moto haupo: lawama kwa mtandao wa gesi wa miji ya India

Wakuu,

Uzi huu ni mrefu na una hasira. Aliyekuja kutafuta picha za mawaziri wakikata utepe apite tu.

Ukifungua habari yoyote ya gesi ya India unapokewa na tarakimu. Maeneo ya usambazaji yaliyogawiwa kampuni yamevuka 300. Kufikia 2032 ziwe zimeungwa nyumba zaidi ya milioni 120 na vimejengwa vituo vya CNG, gesi iliyoshindiliwa ya magari, zaidi ya 17,000. Gesi, ambayo sasa ni kama asilimia 6 au 7 ya nishati ya nchi, ifike asilimia 15 mwaka 2030. IEA, shirika la kimataifa la nishati, nao mwaka 2025 wakakoleza: kati ya 2023 na 2030 mahitaji yatakua kwa karibu asilimia 60, yafike mita za ujazo bilioni 103 kwa mwaka. Swali la fundi haliulizwi: katika hizo nyumba mnazosema zimeungwa, ngapi zinapika?

Chanzo cha upuuzi huu ni karatasi ya zabuni. Katika duru ya 9 na ya 10, kati ya 2018 na 2019, bodi ya udhibiti, PNGRB, iligawa maeneo 136 kwa mtihani wa alama 100. Idadi ya nyumba utakazoahidi kuunga ndani ya miaka 8 ilibeba alama 50. Vituo vya CNG, 20. Bomba la chuma, 10. Ushuru wa kupitisha gesi kwenye mtandao na ushuru wa CNG, 10 kila mmoja. Kiasi cha gesi kitakachochomwa hakikuwa na alama hata moja. Sasa wewe ni kampuni, unataka eneo, utafanya nini? Utaahidi kuunga nyumba hadi za watu ambao hawajazaliwa. Duru za mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa upande wa pili, watu wakishindana kuandika ushuru mdogo mpaka wakafika paisa moja, sehemu ya mia ya rupia, kana kwamba kompresa inaendeshwa kwa upepo.

Hata zile alama 10 za chuma zina kituko. Bomba lilihesabiwa kwa inchi-kilomita, yaani kipenyo mara urefu. Kilomita 10 za bomba la inchi 12 ni 120. Kilomita 30 za inchi 4 nazo ni 120. La kwanza linakatiza mashamba kwa mchimbo mmoja na vibali vichache. La pili linaingia mitaani waliko wateja, na kila barabara ina afisa wake. Karatasi inasema ni kitu kimoja.

Sasa tuingie mtaani. Gesi inatoka kwenye bomba kuu na kuingia kituo cha lango la mji, ambako presha inashushwa hadi bar 19 mpaka 26 (bar ni kipimo cha presha, milibar ni sehemu yake ya elfu) na kupita kwenye bomba la chuma. Kituo cha wilaya kinaishusha hadi bar 4, inaingia bomba la plastiki la njano. Kwenye ukuta wa jengo regyuleta inaishusha hadi kama milibar 100, na karibu na mita nyingine inaifikisha milibar 21 inayotakiwa na jiko. Haya yote yanafahamika tangu enzi. Kinachokwama ni mikono inayoharakishwa ili idadi itimie.

Chukua kiungo cha plastiki. Mabomba mawili yanaingizwa kwenye kikombe chenye waya ndani, umeme unapita, plastiki inayeyuka na kushikana. Kabla ya hapo unakwangua ngozi ya juu ya bomba pande zote, unafuta kwa kemikali, unafunga kwa vibano, unayeyusha, halafu unaacha vibano mpaka muda wa kupoa uishe. Kibarua anayelipwa kwa mita hakwangui, anafuta kwa shati. Jenereta yake inapandisha na kushusha umeme katikati ya kuyeyusha. Kiungo hakijapoa, bomba linavutwa mtaroni. Kisha linajaribiwa kwa hewa kwa bar 6, mara moja na nusu ya presha ya kazi, na linapita! Kiungo kibaya kinaweza kushika jaribio la saa 24 na kuachia baada ya misimu miwili ya masika, udongo ukishajaa maji na kutitia. Jaribio linagundua tundu. Kiungo kilichogandia juujuu hakigunduliwi nalo, kwa hiyo asiyesimamia kukwangua amesaini tu karatasi.

Halafu eskaveta. Bomba la plastiki linatakiwa kulala mita moja chini, mchanga laini chini na juu yake, na wavu wa onyo sentimita 30 juu ya bomba. Mkandarasi akikutana na mwamba au kalavati anapandisha bomba juu bila kuchora, au anapitisha kwa mashine ya kutoboa chini kwa chini na kuandika kina cha kubahatisha. Mwaka unaofuata manispaa inaleta watu wa maji taka, mchoro unasema bomba liko kushoto, kijiko kinalipata kulia. Mtaa mzima unazimwa ili kipande cha mita mbili kibadilishwe, na kila jiko ndani ya eneo hilo lazima likaguliwe kabla ya kuwashwa upya. Mumbai wakati wa masika barabara hazichimbwi kabisa, kwa hiyo mwaka wa kazi una miezi minane hivi. Hiyo miaka 8 ya zabuni ilihesabiwa kama kila mwezi ni mkavu.

Tuseme bomba limefika. Limepandishwa ukutani hadi ghorofa ya nane, mita imefungwa, na nyumba imeandikwa kwenye taarifa kuwa imeungwa. Mpangaji hataki kulipa amana ya nyumba isiyo yake. Mwenye nyumba hapiki humo. Wa tatu anasubiri fundi wa kubadilisha nozeli, kile kitundu kinachotoa gesi jikoni, wiki ya tano. Wa nne anapiga hesabu ya pesa, na hesabu yake iko sawa kuliko ya wizara: mtungi wa kilo 14.2 una nguvu sawa na kama mita za ujazo 18 za gesi ya bomba. Delhi, Aprili 2025, mtungi ulikuwa rupia 853. Gesi ya bomba kwa rupia 49 hivi kwa mita, mara 18, ni 882. Familia ya Ujjwala, mpango wa mitungi kwa maskini, ilikuwa inarudishiwa rupia 300 kwa mtungi, kwake mtungi ulikuwa 553. Mwaka huohuo serikali iliidhinisha rupia bilioni 300 kufidia kampuni za mafuta zilizouza mitungi kwa hasara. Mkono mmoja unashusha bei ya mtungi, mwingine unapiga kampeni ya kuhama mtungi. Mnategemea nani ahame?

Tuchukulie hata kwamba wote wamehama. Nyumba ya kawaida ya India inatumia mita za ujazo 12 hadi 15 kwa mwezi, chini ya nusu mita kwa siku. Nyumba milioni 10 zinazopika kila siku ni mita milioni 4 mpaka 5. Mji mmoja wa vigae, Morbi kule Gujarat, baada ya mahakama ya mazingira mwaka 2019 kufunga mitambo ya kuzalisha gesi kutokana na makaa, ulikuja kufikia zaidi ya mita milioni 6 kwa siku. Mji mmoja! Mnaopanga mahitaji ya nchi kwa kuhesabu mita za jikoni mnapima bahari kwa kikombe cha kahawa.

Na huyo Morbi mmemfanyaje? Gesi asilia imeachwa nje ya GST, kodi ya bidhaa na huduma ya nchi nzima, tangu Julai 2017, inatozwa VAT ya jimbo. Mwenye tanuri akinunua gesi, VAT yake haikatwi kwenye GST anayodaiwa anapouza vigae. Akinunua propani, gesi ya jamii ya ile ya mtungi, kodi yake inakatwa. Kwa hiyo hata bei zikilingana mdomoni pa bomba, propani inashinda ofisini kwa mhasibu. Bei za LNG, gesi iliyopozwa kuwa kimiminika na kuletwa kwa meli, zilipopaa 2022, viwanda vilifunga matangi ya propani uani na vichomeo vinavyokubali zote mbili. Tangu hapo kila mwezi mwenye kiwanda anatazama bei, anageuza valvu. Mteja wa namna hiyo humpangii bomba la miaka 25.

Linabaki gari, na kusema kweli CNG ndiyo inayoubeba mtandao huu tangu Mahakama ya Juu ya India ilipoamuru mwaka 1998 mabasi ya Delhi yahamie gesi. Ilikuwa na gesi ya ndani ya bei nafuu, ambayo tangu Aprili 2023 bei yake ni asilimia 10 ya bei ya mafuta ghafi, ikiwa na sakafu ya dola 4 na dari ya dola 6.5 kwa MMBtu (kipimo cha nishati cha biashara ya gesi), dari ikipanda kidogo kuanzia 2025. Tatizo ni kwamba visima vya gesi hiyo ni vizee na vinashuka, huku magari yanaongezeka. Oktoba 2024 mgao wa gesi hiyo kwa CNG ukakatwa kama sehemu ya tano, Novemba ukakatwa tena kiasi hichohicho. Pengo likazibwa kwa gesi ya visima vipya, inayouzwa asilimia 12 ya bei ya mafuta ghafi, na kwa LNG. Mtu amelipia kufungiwa mtungi garini kwa kutegemea tofauti ya bei na petroli, mnampandishia katikati ya safari. Nchi ikiagiza karibu nusu ya gesi yake kwa meli, hili lilikuwa linaonekana tangu zamani.

Foleni nazo zina sababu, madereva msitukane wahudumu wa pampu. Maeneo mengi yaligawiwa kabla bomba halijafika, kwa hiyo kituo kinalishwa kwa lori lililopakia rundo la mitungi kutoka kituo mama, kile kilichofikiwa na bomba. Mitungi ya chuma yenye ujazo wa lita 3,000 ikijazwa bar 200 inabeba takriban kilo 500. Gari dogo linachukua kilo 8 hivi, bajaji kama 4. Na huwezi kuimaliza yote, kwa sababu presha ya lori inashuka kila gari linapojaza. Isipokuwepo kompresa ya kusukuma pale kituoni, wa ishirini anaondoka na bar 120. Hata aliyepata 200 asishangae, kwani ukijaza haraka gesi inapata joto mtungini, kipimo kinasoma 200, ikipoa inarudi 170 hivi. Dawa yake ni kompresa ya kutosha, umeme usiokatika, na mitungi ya malori iliyo myepesi, ya nyuzi badala ya chuma, ili kila safari ibebe zaidi.

Nyongeza, kwa walioniuliza hapa chini:

Mliotaka kujua kuhusu nozeli, msitoboe ya zamani kwa msumari. Gesi asilia ina nguvu ndogo kwa kila mita kuliko gesi ya mtungi, na presha yake jikoni ni milibar 21 dhidi ya 30, kwa hiyo tundu lazima liwe kubwa zaidi, kwa kipimo cha jiko hilohilo. Ukiacha nozeli ya mtungi utapata moto dhaifu. Ukifanya kinyume, ukarudisha gesi ya mtungi kwenye tundu kubwa, utapata moto mrefu wa njano, masizi na hewa yenye sumu. Na gesi ya mtungi ikivuja inatambaa sakafuni, gesi asilia inapanda darini, kwa hiyo tundu la hewa lililo chini peke yake halikusaidii kitu. Kagua viungo kwa povu la sabuni.

Walioko Dar wenye bajaji za CNG zilizotoka India: sheria ya India inataka mtungi upimwe kwa presha ya maji kila miaka 3. Tarehe ya kipimo imegongwa kwenye shingo ya mtungi au kwenye kibati. Kikwangue rangi usome kabla ya kununua iliyotumika.