Naomba ushauri: vijiboksi vya dhahabu vyenye matundu vinavunjika mwishoni

Ndugu wa maabara, salamu kutoka Lubumbashi. Tunatengeneza chembe nano za dhahabu zenye matundu, tukianzia na vijiboksi vya fedha vya nanomita 50 hivi vilivyovikwa PVP (polima inayozuia chembe zisishikamane). Maji yakiwa karibu kuchemka, tunadondosha asidi ya kloroauriki (yenye dhahabu) polepole huku tukikoroga. Atomi moja ya dhahabu ikitua, tatu za fedha zinatoka, ndiyo maana ndani panabaki uwazi.

Mwanzo hauna shida: rangi inatoka manjano hadi buluu, na kilele cha spektra ya ufyonzaji wa mwanga kinafika nanomita 800 hivi. Matone machache zaidi tu, kuta zinavunjika na kilele kinarudi karibu na 530.

Kloridi ya fedha, mabaki ya mmenyuko huo, tunaiosha kwa maji yaliyoshiba chumvi, hapo sawa. Ninachoshuku ni maji yenyewe. Ni yale ya betri ya gari, na tone la nitrati ya fedha linayatia ukungu mweupe. Basi yana kloridi.

Je, nianze na maji, au nishushe ukolezi wa myeyusho wa dhahabu hadi milimola 0.1 kwa lita na kudondosha taratibu zaidi? Na wanaoanzia na vijiti au pembetatu za fedha badala ya vijiboksi, bila hadubini ya elektroni mnajuaje wakati wa kuacha kudondosha?